Kwa nini kapita wa bandarini anaishinda programu yangu ya kupanga mizigo?

#1 Mwana_wa_Ibanda (Bukavu)
Salamu bakubwa. Kuna jambo linaninyima usingizi tangu juma lililopita. Chekeni, lakini mnijibu.

Mjomba ana depo hapa Bukavu, na mara mbili kwa juma anatuma mizigo Goma kwa boti ya mbao inayopitia kisiwa cha Idjwi. Nikajitia ubingwa. Nilipima kila kitu kwa mita ya fundi seremala: magunia ya maharage, kasiye (kreti) za bia, magodoro, masanduku ya sabuni. Kisha nikaandika programu ya kutafuta mpangilio unaobakiza nafasi tupu ndogo kabisa ndani ya boti. Niliiacha ikihangaika usiku kucha kwa betri ya sola. Asubuhi jibu likatoka: kati ya vipande 44, vitatu havienei.

Kapita wa bandarini, yaani msimamizi wa wapakiaji, mzee ambaye karatasi yangu hata hakuiangalia, akapakia vyote 44 kwa saa moja na nusu. Na upande wa mbele akabakiza nafasi ya kutosha watu wanne kukaa. Mjomba hajasema neno. Ananiangalia tu.

Kompyuta inajaribu mipangilio mamilioni. Imeshindwaje na macho ya mzee mmoja?

#2 Bin_Kadutu (Bukavu)
Muulize mzee programu yake anaiuza ngapi.

#3 Poly_Lshi (Lubumbashi)
Ndugu, usione aibu. Umeingia kwenye tatizo ambalo dunia nzima haijalishinda.

Chukua mizigo 15 na nafasi 15. Namna za kuipanga ni kama trilioni 1.3. Kompyuta inayojaribu bilioni moja kwa sekunde itamaliza kwa dakika 22 hivi. Ongeza mizigo mitano tu, iwe 20: sasa itakuchukua miaka 77. Wewe una 44. Kabla hujapata jibu hata hilo Ziwa Kivu halitakuwepo.

Mwaka 1972 mtaalamu wa kompyuta Richard Karp alichapisha orodha ya matatizo 21 ya namna hii, likiwamo la kujaza mkoba, akaonyesha kwamba yote yamefungwa kamba moja: ukipata njia ya haraka kwa moja, umepata kwa yote. Mpaka leo hakuna aliyeipata, wala aliyethibitisha kwamba haipo. Kwa hiyo hujashindwa na mzee, umeshindwa na hesabu.

#4 Chukudu_Turbo (Goma)
@Poly_Lshi kutoka dakika 22 mpaka miaka 77 kwa mizigo mitano? Nadhani umekosea sufuri. Labda saa 77.

#5 Fundi_Kodi (Bukavu)
@Chukudu_Turbo hajakosea. Zidisha 1 × 2 × 3 mpaka 20, unapata kama 2,430,000,000,000,000,000. Gawa kwa bilioni moja, zinabaki sekunde bilioni 2.43. Mwaka mmoja una sekunde milioni 31 na nusu. Malizia mwenyewe.

Ila Poly, jibu lako linampita mzee pembeni. Kama hesabu hiyo ni ngumu kwa kompyuta, kwa kapita ni ngumu vilevile, na kichwa chake hakijaribu bilioni kwa sekunde. Tena yeye alimaliza saa moja na nusu, akiwa anagombana na wachukuzi. Halafu boti haina nafasi 44 zilizochorwa sakafuni. Huo ni upakiaji, si kubadilishana viti darasani.

#6 Poly_Lshi (Lubumbashi)
Nakubali la viti. Nilitaka tu aone jinsi namba zinavyovimba.

#7 Mama_Sambaza (Goma)
Mimi sikusoma polyteknik, nimesafirisha sambaza, visamaki vya ziwani, miaka mingi. Mama yangu alitufundisha kitu kimoja: kikubwa kiingie kwanza, kidogo kitajitafutia. Ukianza na vibeseni, pipa likija unabaki nalo mkononi. Huyo mzee hana siri nyingine. Kijana, programu yako ilianza na nini?

#8 Poly_Lshi (Lubumbashi)
Mama, hapo umetaja algoriti, yaani kanuni ya hatua kwa hatua, yenye jina na cheti! Unapanga mizigo kutoka mkubwa kwenda mdogo, kisha kila mmoja unautia kwenye chombo cha kwanza kinachoweza kuubeba. David Johnson aliichambua kwenye tasnifu yake ya mwaka 1973. Uzuri wake ni kwamba ina dhamana. Ikiwa mpangilio bora kabisa unahitaji vyombo 9, njia hii haitazidi 11, hata mizigo iwe ya ukorofi gani. Ukipakia bila kupanga kwanza, yaani kila kinachokuja unakitia, unaweza kufika karibu vyombo 17 pale ambapo 10 vingetosha.

#9 Fundi_Kodi (Bukavu)
Dhamana ndiyo, lakini kanuni hiyo inateleza hata kwa vitu vidogo. Mfano: boti ndogo, kila moja inabeba tani 10. Mizigo sita: 4, 4, 3, 3, 3, 3.

Kanuni ya Mama: 4 na 4 zinaingia boti ya kwanza, zimekuwa 8, tatu haienei tena. Boti ya pili inapata 3, 3, 3, imefika 9. Ile 3 ya mwisho inadai boti ya tatu, peke yake kama bwana harusi.

Wakati boti mbili zinatosha kabisa: 4+3+3 na 4+3+3.

#10 Mama_Sambaza (Goma)
Na kama mizigo inafika bandarini kwa mfuatano wa 4, 3, 3, 4, 3, 3, na ninatia tu kila kinachokuja?

#11 Fundi_Kodi (Bukavu)
Boti mbili. 😅

#12 Mama_Sambaza (Goma)
Basi kijana wangu wa mwisho anayepakia hovyo, kumbe njo injinia.

#13 Mwana_wa_Ibanda (Bukavu)
Aksanti wote. Kumjibu Mama: mimi sikutumia kubwa-kwanza. Nilitumia ile ya kupoza taratibu. Unaanza na mpangilio wowote, unabadilisha vipande viwili, ukiona pamekuwa bora unakubali, pakiwa pabaya unakubali mara nyingine na kukataa mara nyingine. Nilisoma kwamba ndiyo iliyotumika kupanga vipande vya kompyuta zenyewe. Kwa hiyo sikuona aibu kuitumia kwa maharage.

#14 Fundi_Kodi (Bukavu)
Kweli, ilitumika. Kirkpatrick, Gelatt na Vecchi waliitangaza mwaka 1983, na mfano wao mmojawapo ulikuwa upangaji wa saketi. Wazo limetoka kwa mafundi chuma: kitu kikiwa cha moto chembe zake zinarukaruka, kikipoa polepole zinatulia mahali pazuri. Ukikipoza ghafla zinagandia popote zilipo.

Ndani ya programu "joto" ni namba tu. Joto likiwa 10, badiliko linaloharibu mpangilio kwa pointi 10 linakubaliwa mara 37 kati ya 100. Joto likishuka hadi 1, badiliko lilelile linakubaliwa chini ya mara moja kati ya 20,000. Kwa hiyo nakuuliza, ulikuwa unashusha joto kwa mwendo gani? Wengi hushusha haraka kwa sababu betri inaisha. Programu inaganda kwenye mpangilio wa kwanza wenye sura nzuri, halafu saa zote zinazobaki inazunguka palepale. Mimi naweka dau hapo.

#15 Shaba_Kamalondo (Lubumbashi)
Ngojeni kidogo kuhusu chuma. Nimefanya kazi ya kuvuta nyaya. Sisi huku tunajua shaba, na shaba haiko vile. Waya wa shaba ukivutwa unakuwa mgumu, unaupasha moto ili ulainike, na ukiutia majini ukiwa bado mwekundu unabaki laini vilevile. Ni feleji ndiyo inakasirika ukiichovya majini, inakuwa ngumu na inaweza kupasuka. Waliotunga hiyo algoriti hawakupita Katanga.

#16 Fundi_Kodi (Bukavu)
Sahihisho limepokelewa. Nilisema "kitu" kama vyote ni sawa.

#17 Bin_Kadutu (Bukavu)
Kwa hiyo kijana angepanga boti ya shaba, betri ingetosha.

#18 Chukudu_Turbo (Goma)
Mnaongea chuma, mimi naongea gunia. @Mwana_wa_Ibanda, gunia la maharage ulilipima limesimama au limelala?

#19 Mwana_wa_Ibanda (Bukavu)
Limesimama ndani ya depo. Urefu, upana, kimo. Kisha nikalichukulia kama sanduku.

#20 Chukudu_Turbo (Goma)
Njo hapo! Mimi nabeba magunia kwenye chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kusukuma, kila siku. Gunia lililosimama lina tumbo. Ukililaza linatandaza tumbo, ukiweka la pili juu yake la chini linapungua vidole vitatu, vinne. Ukikanyaga kati ya mawili yanaingiliana kama watoto kitandani. Na godoro je? Godoro linakunjwa linafungwa kamba. Wewe uliliacha limenyooka kama mlango, sivyo?

Programu ilipanga mizigo ya mbao. Kapita alipanga mizigo ya kweli. Mambo ya joto na miaka 77 hayahusiki hapa.

#21 Mwana_wa_Ibanda (Bukavu)
Godoro… ndiyo. Kama mlango.

#22 Poly_Lshi (Lubumbashi)
Kipimo kibaya kinaeleza kwa nini vitatu vilibaki. Hakielezi nafasi ya mbele ya watu wanne. Kuna kitu kingine.

#23 Nahodha_wa_Zamani (Bukavu)
Nimesoma kimya tangu juzi, sasa niruhusuni. Miye nimeendesha boti kwenye ziwa hili, na nawaambia wote mnauliza swali ambalo kapita hakuulizwa.

Kijana anauliza, mizigo inaenea? Kapita anauliza mambo matatu kabla ya hilo. Kwanza, boti itasimama wima? Kizito kinakaa chini na katikati, kushoto na kulia vinalingana. Bia inakaa chini, godoro juu, hata kama godoro chini lingepunguza nafasi tupu. Upepo wa usiku kwenye Kivu haujali hesabu zenu. Pili, nani anashuka kwanza? Mzigo wa Idjwi ukiufukia chini ya mzigo wa Goma, utapakua boti nzima gizani wakati abiria wanakutukana. Tatu, nani atapanda njiani?

Ile nafasi ya mbele mnayoiona ni ya mananasi. Idjwi kuna wamama wanangoja na mananasi yao, na nauli yao kapita ameshaihesabu. Kwa programu yako nafasi tupu ni hasara. Kwa kapita njo faida ya safari.

#24 Mama_Sambaza (Goma)
Mkubwa amesema. Mimi ni mmoja wa hao wanaopandia njiani.

#25 Fundi_Kodi (Bukavu)
Mkubwa, heshima. Na niongeze kitu ambacho kitamfurahisha Poly. Hilo la kwanza, kugawa mizigo ili kushoto na kulia uzito ulingane sawasawa, limo kwenye ile orodha ya Karp ya matatizo 21. Yaani kapita analifanya kila jioni.

#26 Poly_Lshi (Lubumbashi)
Hapana, hapa nakataa. Karp anataka ulingano kamili, pasiwe na tofauti hata ya kilo. Kapita anataka boti isiiname. Akikosea kilo 20, abiria mmoja mnene anahamia upande wa pili. "Karibu sawa" ni tatizo jingine, na ni rahisi sana. Msimfanye mzee awe mchawi.

#27 Bin_Kadutu (Bukavu)
Abiria mnene ni algoriti au si algoriti?

#28 Majengo_Maji (Goma)
Samahani natoa uzi njiani kidogo. Mtaani kwetu tunachanga pesa ya bomba moja la maji la wote. Barabara moja imenyooka. Kuna nyumba mwanzoni, nyingine kilomita 1 mbele, na nyingine mbali kabisa kilomita 10 (nimerahisisha, si nyumba tatu kweli). Fundi anasema tuliweke kwenye wastani wa umbali. Ni sawa?

#29 Poly_Lshi (Lubumbashi)
Si sawa, na ni kosa la kila mtu. Wastani ni kilomita 3.67. Jumla ya safari kutoka nyumba zote tatu: 3.67 + 2.67 + 6.33, kama 12.67. Ukiweka kwenye ile nyumba ya kati, kilomita 1: 1 + 0 + 9, jumla 10. Ukitaka jumla ndogo, itafute nyumba iliyo ya kati kwa idadi, uache wastani.

Hata kwenye mtandao wa barabara nyingi, Hakimi alionyesha mwaka 1964 kwamba hakuna haja ya kutafuta kila hatua ya njia. Mahali bora utalipata kwenye mojawapo ya makutano, ukihesabu nyumba zenyewe kama makutano.

#30 Mama_Sambaza (Goma)
Na yule wa kilomita 10 anatembea 9 kila asubuhi na bidoni kichwani, sababu jumla ni ndogo?

#31 Poly_Lshi (Lubumbashi)
Ukitaka kumhurumia wa mwisho, weka kilomita 5. Hakuna anayezidi 5. Jumla inapanda mpaka 14. Ni tatizo jingine, lina algoriti zake.

#32 Mama_Sambaza (Goma)
Nani anachagua tatizo?

#33 Majengo_Maji (Goma)
Mwenye kuchanga nyingi, Mama. Na huyo ni wa nyumba ya kwanza. Pia kwetu kuchimba si kama Bukavu, chini ni jiwe la volkano. Bomba litakwenda pale sururu inapokubali. Lakini asanteni, nitawaonyesha hizo namba kwenye kikao.

#34 Shaba_Kamalondo (Lubumbashi)
Turudi kwenye boti. Mnasema kompyuta haiwezi kumaliza vitu 44 kwa uhakika. Mbona kuna watu wanapanga mashine ndani ya kiwanda, kila mashine ina mzigo inaotuma kwa nyingine, na wanapata jibu?

#35 Fundi_Kodi (Bukavu)
Hilo ni la wanauchumi Koopmans na Beckmann, 1957: una mashine na nafasi, gharama ni wingi wa mzigo mara umbali, jumlisha jozi zote. Ni katili kuliko boti. Mwaka 1968 Nugent na wenzake walitoa mfululizo wa mifano ya majaribio. Ule wa mashine 30 ulijibiwa kwa uhakika mwaka 2000, na Anstreicher, Brixius, Goux na Linderoth. Waliunganisha kompyuta za sehemu mbalimbali, wakati mwingine zaidi ya 1,000 kwa pamoja, zikafanya kazi kama siku saba. Mashine thelathini tu!

Angalia neno "kwa uhakika". Mpangilio wenyewe ulikuwa umeshapatikana zamani kwa njia za mkato. Siku saba zilikwenda kuthibitisha kwamba hakuna ulio bora zaidi. Kapita hathibitishi. Anafunga kamba, anaondoka.

#36 Poly_Lshi (Lubumbashi)
Njo maana nasema amefaulu kwa sababu haulizwi uthibitisho.

#37 Chukudu_Turbo (Goma)
Amefaulu kwa sababu magunia yanalala. Nimeshasema.

#38 Nahodha_wa_Zamani (Bukavu)
Na miye nimeshasema mananasi.

#39 Mwana_wa_Ibanda (Bukavu)
Habari mpya. Jana jioni nimeshuka bandarini. Nimepima magunia upya yakiwa yamelala, moja juu ya jingine. La chini limepungua sentimita 6, Chukudu_Turbo alikaribia. Nimekunja godoro pia. Usiku nimeendesha programu tena, nikashusha joto polepole zaidi: sasa vinaenea 43. Kimoja bado kimekataa. Sijatia mambo ya kizito chini wala nani anashuka wapi. Nikiyatia sina shaka vitabaki vingi zaidi.

Kisha nikajaribu kumpima mzee. Nikaokota mawe sita, makubwa mawili na madogo manne, nikamwambia: haya mawili ni tani 4, haya manne ni tani 3, boti inabeba 10, zinatakiwa boti ngapi? Akayaangalia, hakuyagusa. Akaniuliza, "Hizi za nne zinashukia wapi?"

#40 Bin_Kadutu (Bukavu)
Ukamjibu nini?

#41 Mwana_wa_Ibanda (Bukavu)
Nikasema moja Idjwi, moja Goma. Akatenga mawe mawili makubwa mbali mbali, akaongezea kila moja madogo mawili. Sekunde tano.

#42 Poly_Lshi (Lubumbashi)
Hiyo haithibitishi kitu. Mawe sita hata mtoto. Na umempa jibu mwenyewe uliposema yanashukia mahali tofauti! Ungemwambia yote Goma, angeweka 4 na 4 pamoja.

#43 Fundi_Kodi (Bukavu)
Rudi na mawe 44.

#44 Mama_Sambaza (Goma)
Mwacheni mzee afanye kazi. Kijana, Ijumaa boti ikipita mwambie kapita anibakizie pale mbele mahali pa beseni tatu. Za mviringo, kabla hujaanza kuzipima kama masanduku.